Zimwi la Watu Watatu

Evariste alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, lakini Jumapili baada ya misa alikuwa mtawala wa dunia nzima. Dunia yenyewe ilikaa juu ya meza nyumbani kwake, mtaa wa Nyakasanza: karatasi kubwa aliyochora milima na mapango, vifuniko vya soda vilivyosimama badala ya watu, na dadu za pande nyingi alizoletewa na rafiki kutoka Kampala. Wachezaji tulikuwa watatu. Mimi, Charlotte, nauza dawa katika famasia. Musoki ni mshonaji. Léon alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Evariste alisimulia na kuyachezesha mazimwi. Sisi tulisema watu wetu wanafanya nini, na dadu ziliamua kama wameweza.

Kazi ngumu ilikuwa ya Evariste. Zimwi likizidi nguvu, linatumaliza kabla soda haijaisha. Likiwa dhaifu, tunapiga miayo. Kwa hiyo kila moja alilipima wiki nzima kwa kalamu ya risasi: lina mikono mingapi, ngozi yake ngumu kiasi gani, litavumilia mapigo mangapi ya watu watatu. Tulitoka katika kila pango tukiwa na majeraha, lakini hai. Tulizoea hivyo. Kabla hata ya kuingia tulijua kwamba kilichomo ndani kimekatwa kwa kipimo chetu, kama gauni la Musoki.

Mtu wa Léon alikuwa mbeba ngao. Katika kila vita alitangulia mbele, na tulipozidiwa kidogo alibaki nyuma kuziba njia ili sisi wengine tupumue. Léon hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu, "Miye nabaki," akarusha dadu.

Msimu wa maharage, mama yake alikataa kutoka kijijini, ng'ambo ya Iga Barrière. Majirani walikuwa wameanza kuondoka, yeye akasema atavuna kwanza. Léon akaenda kumchukua na pikipiki ya kukodi. Yaliyofuata tuliyasikia kwa dereva. Watu wenye silaha waliingia wakati mizigo ilikuwa bado inafungwa. Léon alimpandisha mama yake, halafu akamwona jirani mwenye mtoto mgongoni, akampa yule mwanamke nafasi yake. Alimwambia dereva aondoke, yeye angefuata kwa miguu kupitia mashambani. Mama alifika Bunia. Léon hakufika. Matanga tuliyakalia nyumbani kwake, mtaa wa Bigo, bila mwili.

Ilipita miezi kabla ya sisi watatu kukutana tena kwa Evariste. Tulikuta mchezo vile tulivyouacha: watu wetu wamesimama ndani ya pango, na zimwi ndiyo kwanza linajitokeza. Evariste alisema hajui afanye nini. Zimwi lile alilipima kwa watu watatu. Wawili litawaua. Alitaka kulipunguza mikono na kulilainisha ngozi. Musoki akakataa. Alisema ukilipunguza, itakuwa kama Léon hakuwa na uzito wowote kati yetu. Mimi nikauliza basi tukae tukisubiri kuliwa? Sauti zetu zilipanda. Evariste alishika kalamu yake bila kuandika kitu.

Hapo ndipo Faida, mjane wa Léon, alipobisha hodi. Alikuja kutushukuru kwa msaada wa wakati wa matanga. Tuliona haya, watu wazima kugombania zimwi la karatasi mbele yake. Lakini aliuliza, na Evariste akamweleza yote. Faida hakuwahi kuupenda mchezo ule. Léon mwenyewe alituambia, akicheka, kwamba mke wake anashangaa mwanaume kwenda kutafuta shida ambazo hazipo. Sasa aliuliza Léon ni yupi. Musoki akamwonyesha kifuniko cha kijani. Faida alikishika muda mrefu, kisha akasema anataka kucheza mara moja, mahali pa mume wake.

"Na muache hii zimwi vile iko," alisema. "Musipunguze kitu."

Evariste akaanza kusimulia, polepole. Zimwi likatoka gizani na mikono yake minne. Mrusha mishale wa Musoki akavuta upinde, mganga wangu akajiweka tayari. Faida aliiangalia karatasi.

"Huku nyuma kuko nini?"

"Njia yenye muliingilia," Evariste akajibu.

"Imefungwa?"

"Hapana. Iko wazi."

"Basi juu ya nini munabaki?"

Hatukuwa tumewahi kujiuliza kwa nini tunabaki. Katika michezo yetu yote hatukuwahi kukimbia hata mara moja. Evariste alikiri kwamba hajapima mbio za lile zimwi, kwa sababu hakuwaza kama siku moja tutahitaji kuzijua.

"Siye tulikimbia mara mingi," Faida alisema. "Hakuna mutu alipima kwanza kama tutaweza."

Musoki akakubali, tukimbie. Kwa mazoea akaongeza kwamba mbeba ngao atabaki nyuma, na kabla hajamaliza akajishika mdomo.

"Hapana," Faida alisema. "Huyu anatoka wa kwanza. Nyinyi mutamufuata."

Kwa sheria ya mchezo, zimwi hupata pigo moja kwa kila anayeligeuzia mgongo. Siku zote Evariste alirusha dadu zake nyuma ya kitabu, tusizione. Siku hiyo alikiweka kitabu chini, akarusha mbele ya macho yetu. Namba ndogo. Zimwi lilikosa. Faida akakisukuma kifuniko cha kijani hadi nje ya pango, akauliza kama kweli amepita, na Evariste akasema amepita. Mganga wangu naye akapita. Kisha ikaja zamu ya Musoki. Namba ikatoka kubwa, na mrusha mishale wake akaanguka pale pale njiani.

Musoki alisema haidhuru, ni mchezo tu. Lakini Faida alikuwa anamtazama Evariste.

"Prof, kama huyu wa kijani angebaki nyuma, mwenzake angepona?"

Evariste aliziangalia dadu. Hakuwa mtu wa kudanganya kwenye hesabu.

"Pengine," alisema.

Faida alikichukua tena kifuniko cha kijani. Nje watu walikuwa wanatoka ibada ya mchana, tukasikia watoto wao.

"Ata vile," alisema, "ningemutoa wa kwanza. Mama yake iko kwangu. Kila asubuhi namupikia uji, namupatia mu mikono, na mu roho nasema vile. Ningemutoa wa kwanza, hao wengine babaki nyuma."

Machozi yalimtoka bila sauti. Musoki alihama kiti, akamkumbatia. Evariste alitazama chini. Faida alipotulia, alituomba jambo moja: yule mama asisikie maneno hayo kamwe.

Tulimsindikiza hadi Bigo, mimi na Musoki. Njiani tuliongea juu ya mvua na bei ya makala ya kupikia. Mama Léon alikuwa amekaa kizingitini, miguu yake imenyooka mbele, na alipotuona aliinuka kwa shida, akampokea Faida mkoba. Akamuuliza kama amekula. Faida alijibu kwamba amekula, ingawa kwa Evariste hakugusa kitu, kisha akamshika mkono mama mkwe wake ili avuke kizingiti, wakaingia ndani pamoja.