Kichomi cha Ruwenzori

Haki ya Mungu, hadithi hii ni kweli tupu. Nilipowasimulia wanywa chai wa Rosa Kiden, sokoni Koboko, niliapa hivi hivi: nikidanganya hata neno, jogoo wangu mwekundu achinjwe. Nikaanza.

Mwaka wa tisini na tatu, mimi na Lokule, mume wa huyu Rosa, tulipandisha mabati Ruwenzori, kujenga kibanda cha wapanda milima. Baridi? Ukitema mate, yanadondoka kokoto. Tulipoikaribia theluji, Lokule akashika ubavu wa kushoto, akapiga magoti.

Msimamizi wetu Fadhul, sajini wa zamani, akacheka. "Hiyo kichomi tu! Jeshini dawa yake iko moja. Kimbia!"

Sisi watoto wa kambi za jeshi tumelelewa kwa dawa hiyo. Lokule akakimbia. Hakufika mbali, akaanguka, midomo rangi ya majivu.

"Afande, nakufa."

"Mutu hakufi na kichomi! Panda!"

Hapo nikakumbuka. Mtoto wa Lokule ana sikoseli, na daktari mmoja Arua alimwonya baba mtu: "Wewe nawe umebeba nusu ya ugonjwa huu. Huku chini huenda usiumwe kamwe. Ila juu milimani, hewa ikipungua, damu yako yaweza kujikunja kama mundu, izibe bandama. Ukisikia maumivu kushoto, shuka upesi."

"Afande, akipanda tena, tunazika."

Fadhul akainua fimbo. "Na mabati nani atabeba?"

Nikayatupa; yakaenda yakinguruma mpaka Kongo. Nikambeba Lokule mgongoni. Mawe yanateleza, ukungu, pumzi yake inakatika shingoni mwangu. Namwita, haitiki. Namwita tena, kimya. Chui akaziba njia. "Pisha, mgonjwa!" Akapisha. Hospitalini wakampa hewa ya mtungi na maji ya mshipa, akafumbua macho.

Rosa akaweka birika chini.

"Baba Jale, watoto yangu yote iko wazima. Nani iko na sikoseli?"

Nikachungulia kikombe changu.

"Jale anayeenda kliniki Arua, iko wa nani?"

"Wa... wangu."

"Na mgongo ya Lokule inauma mpaka leo, alibeba nani?"

"Mimi."

Soka, jirani yangu, alikwisha toka mbio kwenda bandani kwangu. Punde nikamsikia jogoo wangu akipiga mayowe.

Lokule alipewa mapaja yote mawili. Mimi, shingo. Nikainyonya, nikasema, "Lakini chui alikuwepo." Wakaninyang'anya na mchuzi.