Mabua ya Dirishani

Kijiji kizima kilisema Živan ana jicho la ngano. Miaka thelathini na ushei, kila Aprili trekta lake lilipotoka na mbolea ya kukuzia, matrekta mengine yalifuata siku hiyo hiyo. Naye alizipokea sifa zote bila kutia neno.

Ukweli aliujua. Jicho lilikuwa la mkewe, Desanka. Ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dirishani, akapasua bua kwa wembe na kutafuta fundo la kwanza ndani yake. Fundo likishapanda sentimita moja kutoka mizizini, alimwambia mumewe, "Nenda." Ukiiwahi ngano, inachipua ovyo kisha inalala chini; ukiichelewesha, mbolea umeitupa. Desanka alikufa Novemba, wiki tatu baada ya wao wawili kupanda ngano hii. Ilikuwa ngano yake ya mwisho, na Živan aliapa haitaharibika mikononi mwake.

Lakini macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Siku nne mfululizo alipasua mabua akaona ukungu wa kijani tu. Mezani alikuwa akiweka vikombe viwili kwa mazoea, kisha anakirudisha kimoja kabatini. Upweke ulimkaba. Hakuwa na mtu wa kumuuliza swali dogo kama hilo bila kuumbuka.

Asubuhi ya tano jirani yake, Obrad, aliegemea lango.

"Vipi, profesa? Lini? Mvua inakuja kesho jioni."

"Bado."

"Juzi bado, jana bado. Watu watavuna, wewe uko na bado yako!"

Živan alitaka kumtukana, badala yake akafungua lango. "Hebu ingia ndani," akasema.

Alifungua pazia lililofungwa tangu siku ya mazishi, akamkalisha Obrad kwenye kile kiti, akampa wembe na bua. "Nitazamie. Mimi sioni kitu. Hata zamani sikuwa mimi, jirani. Alikuwa Desanka."

Obrad hakushtuka hata kidogo. "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Mzee, unadhani tulikuwa tunatazama trekta lako? Tulikuwa tunatazama dirisha hili. Ikiwa bado, mabua aliwatupia kuku. Siku ikifika, aliyapanga hapo nje, kwenye ukingo wa dirisha chini ya kioo. Mke wangu akiyaona tu, anakuja mbio: 'Amka, mvivu we, Desanka ameshapanga!' Mwaka huu pazia limefungwa, kijiji kizima tumekaa tu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno. Halafu Desanka mwenyewe alitukonyeza tunyamaze."

Živan akaketi. Aibu aliiona, lakini haikumuuma kama jambo jingine: miaka yote hiyo hakuwahi kusema mbele za watu kwamba jicho lilikuwa la Desanka. Sasa angesema, na mwenyewe hayupo kusikia.

Obrad alipasua bua, akaligeuzageuza kwenye mwanga. "Fundo naliona. Limepanda kama upana wa ukucha wangu huu mdogo, sentimita haijatimia vizuri. Sasa hiyo ni leo au keshokutwa? Yeye angesemaje?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nangoja aseme."

Obrad akaweka wembe mezani, akamrudishia bua, akampigapiga begani, akaenda zake. Živan alibaki na bua mkononi. Alilipapasa kwa kidole gumba mpaka akaligusa lile fundo, gumu na dogo. Likipita, halirudi, na mvua nayo haitamngoja. Akachukua mabua yote ya asubuhi ile, akatoka nje, akayapanga chini ya kioo, moja moja, kwa nafasi kama alivyopanga Desanka.

Saa haikupita, trekta la kwanza likanguruma upande wa kanisani. Likafuata la pili, na la tatu. Watu walikuwa wameyaona mabua, wakamwamini Desanka, kama kila mwaka.

Živan alivaa kofia. Mlangoni akasita, akageuka kuelekea kile kiti, akangoja aambiwe aende. Alingoja kitambo, kisha akatoka kwenda kupanda trekta.