Tableti Iliyorudi Safi

Suad alijua kuna jambo kabla hata hajaiwasha. Tableti yake ya kusomea ilikuwa inang'aa. Hayat alikuwa ameivalisha gamba jipya la buluu, na juu yake ameweka mfuko wa visheti alivyopika asubuhi ile.

"Chombo hakirudi kitupu, shoga," alisema Hayat, akivua viatu mlangoni. "Hebu iwashe uone."

Ada hiyo walikuja nayo kutoka Unguja. Jirani akikuletea sahani ya futari, unaiosha, unairudisha na chochote, hata ndizi mbili. Hapa London, Suad wa Thamesmead, Hayat wa Tottenham na mwenzao Damyanti wa Southall waliihamishia kwenye vitabu. Mmoja akisifia kitabu kwenye grupu lao la WhatsApp, wenzake humwandama mpaka awaazime, na anayeazima harudishi mikono mitupu. Na kwa kuwa vitabu vya kwenye mtandao havikubali kutoka kwa mwenyewe, walipeana tableti nzima nzima, kama wanawake wanaoazimana sufuria.

Suad akaiwasha. Vitabu arobaini vilikuwa vimejipanga mbele yake, na ile riwaya yake ndefu ya familia ya wauza chumvi ilikuwa ya kwanza. Akaifungua sura ya tisa. Akaifungua ya kwanza, akarudi ya tisa. Kulikuwa na maneno ya mwandishi tu.

"Umefanya nini, Hayat?"

"Nimekusafishia. Ilikuwa inasuasua, na kila ukurasa umeandikwa notes zako chini. Damyanti ndiye anayefuata kuiazima, nikasema mambo yako ya moyoni yasije yakawa gumzo la Southall. Nimekustiri, mwenzangu. Nika-reset yote, nikaipakua riwaya upya kwa akaunti yangu, na vingine nikakutilia mie."

Hayat hufanya kazi maktaba ya chuo, na sehemu ya kazi yake ni kushika raba na kufuta kalamu za wanafunzi vitabuni kabla havijarudi rafuni. Alisimama pale akingoja shukrani.

"Hazikuwa zangu," alisema Suad. "Ni za Sufian."

Sufian alikuwa mdogo wake. Figo zilimwondoa, na miezi yake ya mwisho aliipitisha kwenye mashine ya hospitali, tableti hiyohiyo kifuani, akibishana na kila mtu wa kwenye ile riwaya na kuandika ubishi wake chini ya mistari. Siku ya maziko Suad alizima intaneti ya tableti ile na hakuiwasha tena, ubishi ule usije ukafutika. Akaunti ya marehemu familia ilishaifunga, kwa hiyo maandishi yale hayakuwa pengine popote. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, akitoka shifti ya kuwahudumia wazee, alisoma sura moja tu, asije akammaliza. Miezi tisa, sura tisa. Zilibaki kumi na moja, na hakumwambia mtu yeyote. Hayat alipoiomba tableti, Suad alikataa mara tatu, ya nne akaona haya, kwa kuwa alishaazima vitabu saba vya mwenzake. Akampa, akisema tu asiwashe intaneti.

"Lahaula," alisema Hayat.

"Nani kakwambia nina uchafu wa kufutwa? Nani? Si nilikwambia usiwashe intaneti? Kuuliza kungekuua?"

"Na wewe kusema kungekuua? Hitima ya Sufian nimeosha masufuria mpaka mikono ikachubuka! Ungeniambia neno moja, moja tu, ningeibusu hiyo tableti nikakurudishia!"

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimchoma Suad kuliko kosa lenyewe. Alichukua mfuko wa visheti akavimimina kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya viazi. Mungu amsamehe, chakula hakitupwi, lakini ilikuwa visheti au uso wa Hayat.

"Toka kwangu."

Hayat aliinama kuvaa viatu huku analia. Kimoja kilishaingia, cha pili anakitafuta kwa mguu.

"Nilidhani ni wewe, wallahi. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye basi. Pale bibi harusi anapowakimbia, chini pameandikwa: 'Kimbia mama, pilau wataila wenyewe.'"

Sauti aliyoisikia Suad ni ya Sufian, na kwenye sura tisa alizosoma hapakuwa na bibi harusi.

"Bibi harusi gani?"

"Wa sura ya kumi na tatu."

"Umefika mpaka mwisho?"

"Nimeisoma yote. Mara mbili."

Hasira zikampanda upya, mbaya kuliko zile za kwanza. Yeye miezi tisa analamba kwa ncha ya ulimi, na huyu kamaliza sahani nzima kwa wiki mbili, akaongeza, tena kwenye basi la Tottenham!

"Vua hicho kiatu."

"Umenisamehe?"

"Nani kataja kusamehe? Nimesema vua kiatu, ukae."

Alichukua bahasha ya barua ya kaunsili ya mtaa, akaigeuza upande mtupu, akatafuta kalamu.

"Sura ya kumi. Aliandika nini?"

Hayat alifumba macho. "Aliandika mara mbili. Moja naikumbuka neno kwa neno. Ya pili..."

"Utaikumbuka. Hutoki hapa."

"Suad, lakini ile ya mwisho kabisa ya kitabu, ile ningekwambia sasa hivi, maana—"

"Funga mdomo! Leo ni ya kumi. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao utakuja na ya kumi na moja, mvua inyeshe, treni zigome. Na mpaka tufike hiyo ya mwisho, Hayat, ole wako ukifa."