Siku ya Saba Hatutoki

Safari ile niliipanga mimi, na niliipanga polepole kama mama alivyotaka: siku tatu Hanoi, mambo mawili kwa siku, basi. Asubuhi supu ya tambi kwenye kibanda cha jirani yake Mama Mkubwa, jioni kutembea kandokando ya Ziwa la Magharibi, mama na dada yake wameshikana mikono. Katikati, kulala. Mama aliogopa pikipiki za Hanoi kuliko alivyoogopa mabomu ya utotoni mwake, kwa hiyo nikaandika kabisa kwenye karatasi tutavukia barabara wapi na wapi hatuvuki ng'o.

Kutoka kwetu Nam Định hadi Hanoi ni saa mbili tu kwa treni. Saa mbili! Na kwa miaka kumi na moja mama hakuwa amezisafiri, kwa sababu dada yake, Mama Mkubwa Khuê, aliifukua mifupa ya babu, baba yao, na kuihamishia kaburi jipya bila kumwita. Kwetu jambo hilo halifanywi hivyo. Watoto wote husimama pale, mifupa ioshwe kwa maji ya manukato mbele ya macho yao. Mama hakuitwa, akanuna, na mama akinuna hanuni kwa mafungu.

Kisha, ulipokaribia mwezi wa saba wa mwandamo, mwezi ambao mizimu hutembea na watu wenye akili zao hawaoi wala hawahami nyumba, Mama Mkubwa akapiga simu mwenyewe.

"Nhàn, njoo bwana. Njoo tarehe saba. Ukae siku tatu, hakuna haraka."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Niliisikia kutoka jikoni na haikunipendeza. Usiku uleule binti yake, Thục, akanipigia mimi, ananong'ona, nyuma yake bomba la maji limefunguliwa ili asisikike.

"Dada Miên, mama ana uvimbe kichwani. Anapasuliwa alfajiri ya tarehe nane. Daktari anasema anaweza kuamka, anaweza asiamke. Hadi jioni ya tarehe sita yuko kwenye vipimo. Siku ya kukaa na Mama Mdogo ni hiyo saba tu."

"Mwenyewe anajua?"

"Tumemwambia ni kitu kidogo. Lakini ameanza kugawa nguo zake. Dada, usimwambie Mama Mdogo. Moyo wake ule unaujua."

Ndivyo tulivyo. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuujua ugonjwa wake, na mzee haambiwi habari za mzee mwenzake. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikasema sawa, sitasema. Nilikuwa na wiki mbili za kumfikisha mama Hanoi tarehe saba, na nilidhani ni kazi rahisi.

Asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, ile ya kuchanwa kila siku, anafunua karatasi zake za mbele kwa kidole.

"Hebu soma hapa, Miên. Macho yangu yamechoka au kalenda imelewa?"

"Tarehe saba, mama."

"Tarehe saba ya mwezi wa saba. Usitoke siku ya saba, usirudi siku ya tatu, nimekufundisha kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Hata mbwa wa jirani hatoki siku hiyo."

"Watu wanasafiri, mama. Treni zinajaa."

"Zinajaa zikiondoka. Uliza wanashuka wangapi."

"Haya, twende sita."

"Nifike kabla ya siku niliyoitwa, kama mwenye njaa? Khuê atanicheka mpaka nizikwe. Anajua kabisa hatutoki saba, kisha ananiita saba! Ananijaribu huyo. Tutatoka nane."

"Mama Mkubwa amezeeka, mama."

"Amenizidi miaka miwili. Kwa hiyo na mimi nimezeeka? Sema tu, usiogope." Akacheka. "Haraka haraka haina baraka. Na wewe mwenyewe umeandika hapo juu ya karatasi yako: bila haraka."

Mimi siamini siku. Nimefunga ndoa tarehe mbaya na nimeachika tarehe nzuri. Kwa hiyo kila alipotaja siku ya saba nilipata hasira, na kila nilipopata hasira maneno yalifika ulimini: dada yako atapasuliwa kichwa. Nikayameza. Nikajiambia bado siku kumi. Nikajiambia bado siku nne.

Tarehe sita jioni mama alipiga simu Hanoi, akaweka sauti kubwa ili nisikie ushindi wake.

"Dada, nitakuja nane."

Nilisikia mvua ya kule ikipiga bati, na ya kwetu ikaanza. Nikamwomba Mama Mkubwa moyoni aseme, aseme yeye, aniondolee mzigo huu.

Badala yake akacheka kidogo. "Ni kweli. Saba si siku ya kutoka. Njoo nane, mdogo wangu."

"Umesikia?" mama akaniambia, uso umemng'aa. Mdogo wangu! Hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka kumi na moja. Akaenda kupiga pasi blauzi yake ya hariri. Mimi nikatoka uani, nikamwandikia Thục: wasogeze siku moja tu. Akajibu kwamba daktari hasomi kalenda ya mwandamo.

Tarehe saba mvua haikukatika. Mama alishinda akifunga peremende za karanga kwa karatasi, akiimba, akiniuliza kama dada yake bado ana meno ya kuzitafuna. Saa kumi na mbili jioni treni ya mwisho ya kwenda Hanoi ilipiga honi. Niliisikia ikipita, nimekaa, mikono imelala mapajani. Mpaka honi ile ilipozimika bado ningeweza kusema.

Tulifika Hanoi saa nne asubuhi ya tarehe nane. Thục alikuwa amesimama stesheni bila mwavuli, nywele zimelowa.

"Mama yako yuko wapi?" mama akauliza, anatafuta nyuma yake. "Ameona uvivu kuja kunipokea?"

Thục akanitazama. "Hata jana hukumwambia?"

Akamwambia yeye, palepale, watu wakitupita na mizigo yao. Uvimbe. Alfajiri. Saa tatu daktari alitoka peke yake, akasema hakuamka.

Mama hakulia. "Miên alijua lini?"

"Wiki mbili zilizopita," nikasema.

"Kwa ajili ya dada yangu ningetoka siku ya saba. Ningetembea kwa miguu juu ya reli."

"Jana nilishika simu nikwambie kila kitu, Mama Mdogo," Thục akasema, sauti inamkatika. "Mama akaninyang'anya. Alisema, mwache, leo njia ni mbaya, asije akafa njiani kwa sababu yangu."

Mama akaketi juu ya sanduku lake. Kisha akainua uso akanitazama, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Khuê aliiamini siku," akasema. "Na mimi naiamini. Wewe huiamini. Wewe ulikuwa unangoja nini?"