Nusu ya Nenosiri

Bradley Stroud sijawahi kumwona ana kwa ana, na namshukuru Mungu, maana ningemtemea mate. Mtu ana ndege mbili, kampuni tatu na wafuasi milioni kumi na moja huko Twitter, halafu hana hata mtu mmoja nyumbani wa kumnyang'anya simu.

Chama chetu kilikuwa na watu kumi na wanne, Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul, karibu sote tukifanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka 2016 tulinunua hisa za kampuni yake moja, ile inayotengeneza mashine za kuinua wagonjwa kitandani. Kiprop, mweka hazina wetu, ndiye aliyeleta wazo, na alimsifu Stroud mpaka ungedhani wametahiriwa pamoja. Lakini sitasema uongo. Tulipiga kura, mikono kumi na minne ikainuka, na wangu ulikuwemo. Mashine yenyewe tuliijua. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Bloomington, iliniokoa mgongo. Ilikuwa mashine nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Pesa zile zilikuwa na kazi moja tu, kumrudisha mtu nyumbani. Januari 2018 mtu mwenyewe akapatikana. Harrison, mwenyekiti wetu wa kwanza, alikuwa na saratani ya ini, na daktari alimpa wiki sita. Hakutaka kufia hapa. Alitaka kufika Nyamira akiwa hai, amwone mama yake, ambaye ana miaka tisini na mmoja na bado anachuma majani chai. Kumsafirisha amelala, na oksijeni, na nesi pembeni, kulihitaji dola elfu thelathini na nne. Hisa zetu zilikuwa na thamani ya elfu arobaini. Tulikubaliana tuidhinishe kuziuza kwenye kikao cha Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Jumatano kabla ya kikao, Stroud akaandika. Mtu alimuuliza kama mashine zake zitawanyima watu kazi. Akajibu kwamba watunza wazee wamezoea kulipwa kwa kuegemea ukuta, na kwamba mashine yake haitoki nje kuvuta sigara, haipati mimba, wala haina lafudhi ya kigeni. Haina lafudhi! Niliyasoma hayo kwenye chumba cha mapumziko nikiwa nimeinua wazee tangu alfajiri, nikatamani kuvunja kitu. Kufikia saa sita mchana, kampuni moja kubwa ya nyumba za wazee ilikuwa imetangaza kwamba inarudisha mashine zake zote, na hisa zikaanza kuteremka.

Kiprop akanipigia simu.

Hapa nieleze kidogo. Mweka hazina aliyemtangulia Kiprop alihamia Texas na pesa zetu zote mwaka 2013, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi, nikiwa katibu, niliandika katiba mpya: hakuna senti inayotoka bila kikao. Na ili katiba isiwe karatasi tu, tuliligawa nenosiri la akaunti ya hisa. Nusu ya kwanza aliijua Kiprop, nusu ya pili niliijua mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

"Dinah, nisikize," Kiprop akasema. "Nipe nusu yako sai niuze. Zimeshuka, ni thirty-six, lakini bado zinatosha kumbeba Mzee. Kesho sijui."

"Leo ndio umejua huyo rafiki yako ni mjinga?"

"Nitukane baadaye. Nipe password."

"Kikao ni Sunday."

"Market haingoji Sunday! Tafadhali, dadangu."

Mwaka mzima Kiprop alikuwa akinikatiza kwenye vikao na kuniita Mama Katiba mbele za watu. Sasa ananibembeleza. Nitasema ukweli, kwa sababu ni mimi peke yangu ninayeujua: nilifurahia kumnyima.

"Katiba ni katiba," nikamwambia, nikakata simu. Nilirudi kwa wagonjwa wangu nikiwa mwepesi kabisa.

Jumamosi Stroud akamalizia kazi yake. Mama mmoja wa Wisconsin alimwandikia kwamba mashine ilimbana mama yake mkono, bibi wa miaka themanini na tano. Stroud akamjibu mbele ya dunia nzima, "Kwani alikuwa amebakiza miezi mingapi?" Ulimi hauna mfupa, lakini wa huyu hauna hata mwenyewe.

Jumapili tulikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, mtaa wa Phillips. Kendi, mwenyekiti wetu wa sasa, alituongoza kwa maombi. Kabla watu hawajakaa vizuri nikawa nimesimama.

"Nataka kujua ni nani alituletea huyu Stroud," nikasema.

Walimrukia Kiprop kama nilivyotaka. Mmoja alimwita mtumwa wa wazungu, mwingine akauliza amelipwa ngapi. Alivumilia mpaka walipochoka.

"Sawa. Ni mimi nilimleta," akasema. "But Wednesday nilimpigia Dinah nikimwomba password. Muulizeni alinijibu nini."

"Nilifuata katiba," nikasema.

Kendi alikuwa bado ameshika Biblia. "Ulifuata katiba, ama ulitaka tu kumwonyesha Kiprop?"

Nikapiga kelele. Niliwakumbusha kwamba katiba waliipitisha wao, kwamba siku ile ya Texas walilia kwangu. Kura ya kuuza ikapita bila mtu kuniangalia usoni.

Jumatatu asubuhi nilikaa ndani ya gari la Kiprop, injini ikinguruma kwa ajili ya joto. Soko lilipofunguliwa saa mbili na nusu, aliandika nusu yake, akanipa simu, nikaandika yangu. Zilitoka dola elfu kumi na tano. Kiprop hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Tulichanga za kuongezea siku tatu. Watu walitoa mpaka kodi ya nyumba, na hazikufika elfu nne. Siku ya nne daktari akasema mgonjwa asiposafiri wiki hii hatasafiri tena. Ndipo Kiprop akapiga simu mahali pengine, kwenye nyumba ya maiti huko Saint Paul, na akaambiwa kusafirisha mwili mpaka Nyamira ni dola elfu kumi na moja. Maiti haihitaji nesi wala oksijeni.

Taarifa za chama hupelekwa na katibu. Nilienda Oakdale peke yangu na daftari langu. Lois, mke wa Harrison, alikuwa ameshafunga masanduku, yamepangwa mlangoni. Harrison alilala sebuleni kwenye kitanda cha kukodi, macho ya njano, akinitabasamia.

"Mzee," nikasema, "pesa zilizobaki hazitoshi safari ya sasa. Zinatosha ya baadaye."

"Baadaye gani?" Lois akauliza.

Nilifungua daftari.

"Baadaye gani, Dinah? Mnangoja afe ndio mumpeleke? Kwa sababu akiwa cargo ni cheap?" Alinishika mkono wa koti akanivuta kuelekea mlangoni. "Toka. Toka kwangu! Uliambiwa Wednesday! Kiprop amenieleza yote!"

"Mwache, Lois," Harrison akasema. Alipumua kwanza, akapumzika. "Katibu, hizo za baadaye, zinatosha kweli?"

"Zinatosha, Mzee."

"Basi andika kwa minutes. Harrison ameelezwa, na ameahidi hatawachelewesha."

Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ukaenda kwenye kalamu.