Kesi ya Chungu Dhidi ya Friji

Likizo ile nilifika nyumbani, mjini Mankessim, siku ya Ijumaa, na kufikia Jumapili jioni nilikuwa nimewatia hatiani watu saba. Mama Mkubwa Baaba alipatikana na hatia ya kusema kuwa simu mpya zinaharibu macho, kwa sababu jirani yetu alinunua simu mpya na sasa anavaa miwani. Jirani mwenyewe ana miaka sitini na nane. Mama yangu alipatikana na hatia ya kuiamini sabuni fulani kwa kuwa mwanamke anayeitangaza redioni ana sauti ya mtu msafi. Mchungaji nilimfikiria kwa huruma, nikamwachia kwa onyo.

Kwenye shule ya bweni nilikuwa nahodha wa chama cha midahalo. Mwalimu alikuwa ametufundisha makosa kumi na mawili ya hoja, kila moja kwa jina lake, nami nikayaleta nyumbani kama askari aliyepewa pingu mpya na anatafuta mikono ya kuzitia.

Mtu pekee aliyefurahia kushtakiwa alikuwa bibi yangu, Nana Tawia. Ndiye aliyenipa jina la Jaji. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni, akaniita: "Jaji Ebo! Njoo unifunge kabla uji haujapoa. Leo nimekosa nini?"

Nana alikuwa na kisukari. Alijidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, na vichupa vya dawa alivitunza kwenye chungu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga aliumwagia maji mara mbili kwa siku. Alifundishwa na muuguzi mmoja aliyekwisha kustaafu. Ukitia mkono ndani ulikuta ubaridi mwanana, kama wa shavu la mtu aliyetoka kuoga.

Likizo ile mama alikuwa amepata fedha za kutosha kununua friji. Nana hakulitaka.

"Chungu changu kimenitunzia dawa miaka tisa," alisema, "na mimi huyu hapa."

"Pingamizi," nikasema, nikasimama. "Hilo ni kosa la aliyenusurika. Waliotunza dawa kwenye vyungu wakafa hawapo hapa kutoa ushahidi. Wewe unaongea kwa sababu tu uko hai."

"Ulitaka niongee nikiwa nimekufa?"

"Ushahidi ungekamilika zaidi, Nana."

Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Araba!" akamwita mama. "Mwanao ananiua kwa Kiingereza chake! Haya, nimeshindwa. Kanunueni hilo friji. Lakini chungu changu asikivunje mtu."

Kwetu mafriji ya mtumba kutoka Ulaya hupangwa kando ya barabara kuu, meupe, milango wazi. Na kwetu friji hupimwa kwa njia moja tu. Muuzaji hulichomeka kwenye umeme, hutia ndani maji ya kifuko cha plastiki, nawe unakwenda sokoni kununua nyanya zako. Ukirudi ukakuta maji yamekuwa jiwe, umepata friji. Hakuna anayeuliza la pili.

Mimi, mama na Nana tulirudi na nyanya. Kaka Fiifi, muuzaji, alikitoa kile kifuko akakigonga kwenye nguzo, ko, ko, ko, watu wakageuka.

"Dakika arobaini!" akatangaza. "Hili limefanya kazi Uholanzi miaka kumi. Mama, jipya utalijuaje? Jipya halijawahi kufanya mtihani wowote. Hili lina cheti!"

Hoja ile ilikuwa na tundu la kupitisha lori. Sikuigusa, maana ilikuwa upande wangu.

Hapo ndipo Mjomba Quansah alipovuka barabara. Mjomba ni jina la heshima tu; yeye ni fundi wa mafriji, na ng'ambo ya barabara ana duka la mafriji mapya. Alimsalimu Nana kwa adabu, akaweka kiganja mgongoni mwa friji, akainamisha sikio, akakaa hivyo muda mrefu kama daktari.

"Maame Araba," alimwambia mama, "hili halipumziki. Ndani kuna kidude cha kuliambia friji kwamba baridi imetosha. Humu kimekufa. Litagandisha kila kitu, juu na chini. Mnataka kuweka nini humu?"

"Dawa ya mama," akasema mama.

"Basi hapana. Dawa ile haitakiwi kuganda kabisa."

Kaka Fiifi akaanza kupayuka, nami nikainua mkono kumnyamazisha. Watu kama ishirini walikuwa wamekwisha kusanyika. Nikavuta shati langu likae sawa.

"Mjomba, mahakama ina swali moja tu. Wewe unauza nini?"

Akanitazama. "Unajua ninachouza, Ebo."

"Kwa faida ya wasiojua."

"Mafriji."

"Ya mtumba?"

"Mapya."

"Ahsante. Sina swali zaidi."

Barabara nzima ililipuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa kusukuma mkokoteni alinipa mkono. Nana alijipiga paja akasema, "Huyu ni mjukuu wangu, mnamwona? Wangu huyu!"

Mjomba Quansah alisubiri kicheko kiishe. "Ni kweli nauza mafriji," akasema. "Lakini sikio langu haliuzi kitu." Kisha akavuka barabara akarudi dukani kwake. Tukanunua.

Siku ya kwanza nyumba yetu ilikuwa kama harusini. Majirani walileta vifuko vyao vya maji, wakavifuata vikiwa mawe. Nyanya nazo ziligeuka mawe, hata zile za rafu ya chini kabisa, na mama akasema kwa furaha, "Lina nguvu hili!" Kitufe cha kupunguza baridi nilikijaribu. Kilizunguka vizuri sana. Hakikubadilisha chochote.

Vichupa vitatu vya Nana, dawa ya mwezi mzima na zaidi, vilikuwa mle ndani.

Siku ya tatu asubuhi, mama akiwa ameshakwenda sokoni, Nana aliniita. Hakuniita Jaji.

"Ebo, hebu tazama. Dawa imeganda."

Nilikichukua kichupa. Ndani kulikuwa na kipande cha barafu cheupe. Nikakifumbata kiganjani mpaka kikayeyuka, nikakitikisa, nikampa. "Tayari."

"Inafaa kweli?"

"Nana, maji yakiganda kisha yakayeyuka, si maji yaleyale?"

"Haya si maji."

"Ni dawa ndani ya maji."

Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Nana hakusoma sana, lakini kile kichupa alikijua kuliko mtu yeyote nyumbani. "Zamani nikitikisa inakuwa kama maziwa," akasema polepole. "Sasa ina chembechembe. Ona. Moyo wangu unakataa, Ebo."

"Moyo si ushahidi."

Nilisema hivyo. Nilitabasamu nilipokuwa nasema, na niliinua kidole.

Akanitazama kidogo, kisha naye akatabasamu, kama mtu anayemwachia mtoto mchezo. "Haya, Jaji." Akavuta dawa kwenye sindano, akajidunga tumboni.

Siku mbili baadaye aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Nikamjibu yaleyale, kwa kifupi zaidi, kwa sababu nilikuwa nawahi kwenda mpirani. Hakuuliza mara ya tatu. Kila asubuhi alikifumbata kichupa mwenyewe mpaka kiyeyuke, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, amefumba macho kama anayesali.

Wiki ya pili alianza kunywa maji sana. Tulifurahi, tukasema friji limempa hamu ya maji baridi. Akawa anakwenda chooni mara kwa mara; tukasema ndiyo hayo maji. Akakonda, Mama Mkubwa Baaba akamsifu kuwa mgonjwa wa sukari akipungua mwili ni dalili njema. Nyumba ile ilijaa makosa ya hoja kutoka sebuleni hadi jikoni, na sikulikamata hata moja. Nilikuwa nakula barafu.

Jumatatu hakuamka vizuri. Alimwita mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tulimpeleka hospitali kwenye gari la jirani, kichwa chake kwenye mapaja yangu, midomo yake imepasuka kwa ukavu.

Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akapima tena. "Anatumia dawa?"

"Kila siku," mama akajibu.

"Mnaiweka wapi?"

Mama alijibu kwa fahari. Sitamsahau alivyojibu. "Tumemnunulia friji, dada. Ukitia maji saa mbili, saa tatu ni barafu."

Muuguzi akanyoosha mkono. Mama akafungua kitambaa, akampa kichupa. Muuguzi akakigeuza juu chini mbele ya dirisha. Kwenye kioo ziling'ang'ania punje nyeupe, kama chumvi.

"Hii imeganda," akasema. "Ikishaganda imekwisha. Mama huyu amekuwa akijidunga kitu kisicho na kazi."

"Imeganda?" mama akauliza. "Lakini mbona hakuniambia? Angeniambia."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na kinywa, na ulimi, na vikombe viwili vya ubingwa wa mkoa. Sikusema kitu.

Nana Tawia alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, wakati wauza mkate wakipita nje.

Baadaye nililiona kosa lenyewe, na halimo katika yale kumi na mawili. Hoja ya Nana juu ya chungu chake ilikuwa mbovu, na chungu chake kilikuwa sawa. Mjomba Quansah alikuwa na mafriji ya kuuza, na friji lile lilikuwa limeharibika. Mimi nilidhani ukishaivunja hoja ya mtu, umelivunja na jambo lenyewe.

Wiki moja baada ya kifo, kama ilivyo desturi kwetu, tulikaa uani chini ya maturubai, watu wa ukoo wamevaa nyeusi na nyekundu, kupanga siku ya maziko. Mjomba Quansah alikuja. Alileta katoni mbili za maji, akasalimia kuanzia kulia kama inavyotakiwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni. Mama Mkubwa Baaba hakumpokea mkono.

"Huyu amekuja kutazama kazi yake," akasema.

"Dada Baaba, tafadhali," akasema mama.

"Tafadhali nini? Friji lilikuwa zima! Liligandisha maji kwa dakika arobaini, soko zima liliona. Akaja yeye, akaweka mkono, akasema halifai. Mkono wa uchawi umewekwa, dawa ikaharibika, mama yetu amekufa. Mnataka nini tena? Kwa nini hakugusa la mtu mwingine?"

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja akasogeza kiti chake mbali na cha Mjomba Quansah. Yeye alitazama chini, mikono katikati ya magoti. Fundi ambaye majirani hawautaki mkono wake kwenye mafriji yao hana kazi mjini kwetu.

"Jaji yuko wapi?" Mama Mkubwa akaita. "Ebo alikuwepo. Ebo, simama uwaambie. Aligusa, hakugusa?"

Nikasimama. Shati langu jeusi lilikuwa la kuazima, mikono yake mirefu kunipita.

"Aligusa," nikasema. "Alisikiliza, akatuambia ukweli. Mimi nikawafanya watu wamcheke. Kisha dawa ikaganda, na Nana aliiona. Aliniambia haifai. Nikamwambia inafaa."

Kisha Mama Mkubwa Baaba akapunga mkono. "Mtoto ana uchungu, mwacheni. Na huyu mnamjua, siku zote ni mtu wa mzaha. Kaa, mwanangu."

"Sifanyi mzaha, Mama Mkubwa."

"Kaa!"

Hakuna aliyeniamini. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, wote wananionea huruma, mpaka nikafika kwa mama. Yeye hakuwa ananionea huruma. Alikuwa amekaa wima kabisa.

"Alikuambia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza kama nimekula.

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

Nilijaribu. Maneno yale nilikuwa nayo, matatu tu na mepesi, lakini hayakutoka mbele ya watu wale. Mama alinisubiri. Alipoona sitasema, aligeukia ukoo.

"Quansah hana kosa," akasema. "Mtu asimguse."

Kisha akainuka, akajifunga upya kitenge chake, akapita karibu nami mpaka bega lake likagusa langu. "Nipishe, Ebo," akasema. "Wageni hawajapewa maji."