Nukta Nyekundu za Faki Hasaballah

Fataha juu, kasra chini, dhumma kama kijimkia. Ni alama hizo tu za kusomea herufi za Kurani, na zilinitoa jasho. Mimi Sitana nimezika waume wawili na sijayumba, lakini kijistari kikihama kutoka juu ya herufi kwenda chini, nabaki nimekodoa macho. Darasa letu la akina mama lilikuwa uani mwa msikiti, hapa Omdurman, na mwalimu wetu Ibtihaj angeweza kuwa mjukuu wangu.

Jirani yangu Kaltuma alikuwa na haraka kuliko sote. Baba yake, Faki Hasaballah, kama wanavyomwita mwalimu wa Kurani huko Darfur, alifundisha mpaka alipokufa, na ubao wa mwisho aliouandika haukuoshwa. Ubao huoshwa mtoto akishahifadhi. Mtoto wa ubao huo hakurudi tena baada ya msiba. Kaltuma alipokimbia vita kwao aliacha godoro na masufuria, akabeba ubao. Alitaka jambo moja tu, ausome mwenyewe kabla hajafa.

Siku alipoona anaweza, akauleta darasani. Ilikuwa Sura ya Naas, ile tunayoijua sote. Ila kila palipoandikwa "nnaas" hapakuwa na fataha juu; palikuwa na nukta nyekundu chini. Kaltuma akasoma kama alivyomsikia baba yake, birabbi nnees. Wanawake wakacheka. Nami nilicheka kidogo.

Ibtihaj akaugeuza ubao huku na huku, akasema alama hiyo haijui, labda ni wino uliodondoka. Wino udondoke palepale kila mara? Nilitaka kuuliza, lakini mimi ni nani, niliyekuwa bado nachanganya dhumma na sukuni.

Tulirudi nyumbani pamoja. Mlangoni kwake Kaltuma akanishika mkono.

"Sitana, wale watoto wote. Ina maana baba aliwafundisha maneno ya Mungu kombo?"

"Hata sijui, mwenzangu. Labda masikio yako yamechakaa."

"Masikio yangu hayana neno. Mimi ndiye niliyekuwa nawachochelea moto wakisoma usiku."

Nikaenda zangu, kichwa kinaniwanga. Kama mzee alikosea, mbona mji wao mzima ulisoma hivyo nyuma yake? Na kama hakukosea, Ibtihaj anatufundisha nini?

Wiki haikuisha nikamkuta Kaltuma amekaa na ubao mapajani na kitambaa kibichi mkononi. Nukta zote alikuwa amezifuta. Alisema hataki baba yake aendelee kuulizwa kaburini kwa ajili ya makosa hayo. Nilikasirika, nisijue nimkasirikie nani, nikamchemshia chai.

Darasa lililofuata Ibtihaj alikuja mapema, hana raha. Alikuwa amemuuliza sheikh wake. Kumbe Kurani ina visomo zaidi ya kimoja, vyote vimepokewa tangu kwa Mtume, na wazee wa Darfur walisoma kisomo chao, si hiki chetu. Ile nukta ya chini inamwambia msomaji ailaze sauti, isiwe "a" kamili wala "i" kamili.

"Nisamehe, mama," akasema. "Baba yako alikuwa sahihi."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Lakini Kaltuma hakuuliza zaidi. Alikuwa anautazama ubao, pale palipokuwa na nukta, na machozi yanamtoka bila sauti.

Ibtihaj akaleta wino mwekundu na kijiti. Kaltuma akaurudisha mkono wake ndani ya nguo, akasema yeye si faki, hajui pa kuzitia.

"Si unazo masikioni?" nikamwambia. "Wewe soma tu. Sauti ikilala, tia nukta."

Akafumba macho, akaanza. Alipofika pale sauti ikalala, akafumbua macho, akachovya kijiti, akatia. Safari hii hakuna aliyecheka. Nukta ikatoka kubwa, imekaa upande.

"Zake zilikuwa ndogo," akasema, akafumba macho tena kutafuta inayofuata.